Kelele za Barabara ya Eringeti

Siku za ville morte, Butembo inapofunga maduka na kusimamisha pikipiki ili kuwaomboleza waliouawa upande wa Beni, chombo anachokitunza Jokébed hufanya kazi vizuri kuliko siku nyingine zote. Kimefukiwa mita nne chini ya kilima, nje kidogo ya mji, na kazi yake ni kusikiliza ardhi. Mataifa yaliyotia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia yametawanya masikio ya aina hiyo duniani, ili anayelipua bomu kwa siri chini ya jangwa lake asikike. Kongo, ambayo udongo wake ulitoa urani ya mabomu ya kwanza, ilipewa sikio hili. Malori na mashine za kusaga mihogo hulisumbua. Ville morte huliondolea usumbufu. Kituo kikuu cha ng'ambo kiliwahi kumwandikia Jokébed barua ya pongezi, kikiuliza anapata kwa mbinu gani ukimya wa namna hiyo.

Alijibu kwamba ni msiba.

Katika ville morte ya Machi, saa nne asubuhi, aliona kwenye skrini, katika mstari wa mitetemo, nyayo za watu. Walikuwa thelathini na mmoja, wakishuka kwa miguu kutoka Eringeti. Mmoja wao alichechemea: hatua nzito, hatua nyepesi, kisha kusita kidogo. Jokébed alikuwa ameishi na mwendo huo miaka tisa. Ulikuwa wa mumewe, Sadrack, aliyekwenda Novemba na wavunaji wengine kuvuna kakao katika shamba la babake. Wauaji walipopita, shambani ilipatikana mifuko iliyojaa nusu. Miili haikupatikana.

Mama Élise, mamake Sadrack, alikuwa bado akimwekea mwanawe sahani kila jioni. Katika ukoo wao kilio hakianzi bila mwili au karatasi: moto hauwashwi uani, mchungaji haitwi, na mtu hubaki njiani.

"Kama hapana mwili, basi karatasi," alimwambia mkwewe. "Siombe kingine."

Jokébed alichapisha ile michoro ya nyayo, akaipeleka kwa Ézéchiel, karani wa kuandikisha vifo katika mtaa wao. Ézéchiel alivaa miwani, akaifuata kwa ncha ya kalamu.

"Huyu mwenye kuchechemea njo Sadrack?"

"Njo yeye."

"Minamujua. Alinigonga na pikipiki, ile siku yeye mwenyewe alivunjika muguu." Akairudia michoro tangu mwanzo. "Mais, Madame, niandike namna gani kama alikufa, na hapa anatembea? Lete barua ya bakubwa ya hii machine. Baseme hiki kitu ni nini. Nitapiga cachet leo leo." Akaugusa mhuri wake mezani.

Fomu ya kituo kikuu ilikuwa na visanduku vitatu: tetemeko, mlipuko, kelele. Jokébed aliviacha wazi vyote, akaeleza alichokiona kwa aya mbili zilizopangwa vyema. Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Rekodi ilikuwa imechunguzwa na wataalamu wawili, haikuwa na dalili ya jaribio la nyuklia, na wao wenyewe walikuwa wametia alama kisanduku cha tatu.

Ézéchiel alilisoma jibu hilo mara mbili.

"Kelele," alisema. "Pole, Madame. Kelele hatuizike."

Wafu walisafiri siku za ville morte tu, kwa kuwa siku nyingine malori hayapishi mtu. Aprili walifika Oicha. Mei, baada ya mauaji ya karibu na Mangina, miji ilifungwa siku tatu, nao wakaivuka Beni. Juni walikuwa Kabasha. Kila mauaji mapya yaliwapa barabara.

Walifika kilimani Julai, alasiri, wakajipanga kando ya uzio wa kituo, ambako Jokébed na Mama Élise walikuwa wakiwangoja. Sadrack aliwasalimu mkewe na mamake. Mama Élise alimpa bugali na sombe ya majani ya mihogo. Hakuwa na njaa, lakini aliishika sahani kwa mikono miwili.

"Batatuandika hapa?" aliuliza. "Tulisikia iko machine inasikiaka batu."

"Inangojea bomu," Jokébed alimjibu. "Bomu ya mbali. Na ile mkataba yenyewe bado kuanza kazi. Kuko inchi zenye hazijakubali. Iko karibu miaka makumi tatu banangojea."

"Kumbe na bao banangojea karatasi," alisema Mama Élise.

Juma lililofuata, kituo kikuu kiliandika kwa adabu kwamba mtetemo usiojulikana chanzo chake umezidi kilimani. Jaribio la kweli likifanyika, lingeweza kufichwa na hatua hizo ndogo ndogo. Chanzo kiondolewe, ama kituo kihamishwe.

"Banasema nini?" aliuliza Mama Élise.

"Banasema mutoto wako iko na kelele mingi."

"Alikuwaka hivyo tangu budogo."

Akatoka, akawaomba wote wavue mabuti na wakae chini. Walivua. Waliyapanga jozi kwa jozi kando ya uzio, kama yanavyopangwa mlangoni mwa nyumba ya watu, kisha wakaketi majanini bila kusogeza mguu. Kabla ya giza, mstari kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama uzi.

Asubuhi zilifika shukrani: kilima chake sasa kilikuwa kimya kuliko vyote katika ukanda huo. Jokébed alijaza fomu ya siku. Tetemeko, hakuna. Mlipuko, hakuna. Kelele, hakuna. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya jina moja, la mtunza kituo. Akaandika lake.