Karatasi Niliyokataa Kuisoma

Mama mwenye binti anayeandika, nakuonya wewe. Mimi Taisia ni mfumaji wa kiwanda cha nguo hapa Ivanovo, Urusi. Nilisoma miaka minne tu, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Binti yangu Rimma alikuwa mkutubi. Aliandika hadithi ya mfumaji aliyeharibikiwa mimba akiwa kwenye mtambo wake wa kufumia, na mkuu wa zamu akamwandikia utoro. Akaipeleka kwa mhariri wa jarida. Mhariri akamwambia anajua kuandika, ila hayo ni mambo ya kike, ya jikoni. Abadilishe mwisho, mfumaji apewe nishani. Halafu akamuuliza mumewe anasemaje juu ya kazi hiyo.

Rimma akamjibu kwamba mume hana, na mfumaji huyo ni mama yake. Nishani anayo tayari, na haikumrudishia mtoto.

Basi akaichapa mwenyewe kwa taipureta, kwa siri, bila ruhusa ya serikali, karatasi nyembamba tano kwa mpigo, karatasi za kaboni za kunakilia katikati, blanketi chini majirani wasisikie. Nakala zikapita mkono kwa mkono, kila msomaji akinakili nyingine. Mimi nililia, nikamficha utepe wa mashine, nikamwambia mdomo uliponza kichwa.

"Mama," akasema, "wewe umenyamaza miaka ishirini. Umepata nini?"

Nikamrudishia utepe.

Kosa lilikuwa langu. Sisi tulioishi njaa ya vita hatutupi kitu. Niliona zile kaboni zilizokwisha kutumika bado ni ngumu, zinang'aa, nikazitandika kwenye rafu yangu ya jikoni ili mafuta yasigande. Jiko lenyewe tunatumia familia tano. Jirani yetu Zoya aliinua moja dirishani, na kaboni ikielekezwa kwenye mwanga husomeka kila herufi. Zichomeni siku ileile, akina mama. Siku ileile.

Wiki haikwisha, Rimma akafukuzwa maktaba na watu wawili wakaja kuchukua taipureta. Kisha mkuu wa zamu, Ndugu Lobanov, akaniita ofisini. Akanipa karatasi iliyokwisha andikwa, niisome mbele ya mkutano wa kiwanda: kwamba binti yangu ni mvivu, nilimlea vibaya, na amewazulia wafumaji uongo. Nikisoma, Rimma hatapelekwa mahakamani. Nisiposoma, shauri yangu.

"Dakika mbili tu, Taisia Yegorovna," akasema, "kisha unakwenda zako kunywa chai."

Nitasema kweli: nilikusudia kusoma. Mama gani asingekusudia?

Ukumbi ulijaa wanawake. Nikasimama, nikaikunjua karatasi. Sasa, sisi wafumaji tunasemezana kwa midomo bila sauti, kwa sababu mitambo haimwachii mtu sikio. Wakubwa wa ofisini lugha hiyo hawaijui. Safu ya tatu alikaa Nyura, jirani yangu wa mtambo, uso mkavu kama anasubiri treni. Midomo yake ikacheza: hadithi ninayo, nimeinakili kwenye daftari la mwanangu. Mwenzake wa kando akasema na yeye anayo. Nyuma yao mwingine, simjui hata jina, akaniuliza: ni wewe yule mfumaji?

Lobanov akakohoa. "Tunakusikiliza."

Nikaikunja ile karatasi.

"Ndugu Lobanov, hii siwezi kuisoma, elimu yangu ndogo. Ya binti yangu naijua bila kusoma. Mimba ile ilikuwa yangu. Na aliyeniandikia utoro ni wewe."

Nikawasimulia yote, mpaka mwisho ambao mhariri aliukataa. Lobanov aligonga meza mara tatu. Hakuna mwanamke aliyegeuka kumtazama. Walikuwa wananitazama mdomo.

Rimma alipewa kifungo cha miaka mitatu. Mimi nilitolewa kwenye mtambo nikapewa ufagio. Zoya tukikutana jikoni ananisalimu, nami naitikia, mwiko mkononi.

Utaniuliza: kama ningesoma, je, mtoto angebaki nyumbani? Labda. Wazo hilo linaninyima usingizi, na hata sasa nikiandika naogopa. Ndiyo maana nakuonya: siku moja watakuletea na wewe karatasi, na utatamani kuisoma. Wakiniita tena mimi, nitasimama palepale, na safari hii karatasi yao sitaikunjua kamwe.