Karibuni Shetani

Festus, mwenye kampuni ya kutembeza watalii, alimwambia Shanice wazi: kina mama hawa wakirudi Voi wameridhika, kazi ya kuongoza wageni ni yake. Wakilalamika, arudi kuuza vocha stendi. Aliyasema hayo mbele yangu mimi dereva, maana Festus hapendi kumtisha mtu bila mashahidi. Kisha akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akakoroma mpaka Mtito Andei.

Kina mama walikuwa wa kanisa moja la Voi, wengi wao Wakamba, na mwenyekiti wao ni Mama Kalondu. Walikuja kuona volkano. Anayetarajia mlima wenye moshi kileleni, kama ule wa kitabu cha shule, atarudi na kinyongo. Cha kuona ni kile ardhi ilichotapika: mawe meusi makali yaliyotapakaa mbugani, Tsavo Magharibi, bila mti wa maana hata mmoja. Wazee walioona moto ukitoka chini walidhani ni kazi ya ibilisi, na jina likabaki hilohilo. Ukiniuliza mimi, ni mahali pa kuharibia viatu. Lakini watu hupanda ndege kuja kuviharibu.

Shanice alishuka wa kwanza. Maneno yake alikuwa ameyakariri vizuri. Akasimama mbele ya yale mawe, akanyoosha mikono, akasema kwa sauti:

"Karibuni Shetani!"

Hakuna mama aliyeshuka.

"Amesema nini huyu?" Mama Kalondu aliuliza.

"Ni jina la hapa, mama," Shanice alijibu harakaharaka. "Ni kama kusema karibuni Mwatate. Msiogope. Imelala tu, ingawa wataalamu wanasema Shetani bado yuko hai."

Nilitamani kumziba mdomo. Ndani ya gari maombi yalianza, tena si ya kunong'ona. Huyu alikemea kwa Kikamba, yule kwa Kiswahili, na Mama Kalondu akaniamuru nigeuze gari. Hawakutoka nyumbani, alisema, kuja kukaribishwa na huyo.

Festus sasa alikuwa macho. Alimtazama Shanice, akatazama saa yake.

Shanice akasogea dirishani. Akawaeleza kuhusu pango la kuingia kwa tochi, na mawe yaliyojikunja kama uji ulioganda kwenye sufuria. Akawaonyesha majani yanayoota kwenye nyufa, na vilima vya Chyulu kwa mbali, vilivyozaliwa kwa moto huohuo. Kina mama waliangalia upande wa pili. Nilimhurumia, lakini nilikuwa nimeshashika ufunguo.

"Chini ya haya mawe kuna watu," alisema ghafla.

Hilo si uongo wake. Wazee husimulia kwamba moto ulifunika watu na ng'ombe wao, na kwamba vilio vilisikika baadaye. Maombi yakapungua. Angeishia hapo ingetosha, lakini alikuwa ameona ufunguo mkononi mwangu.

"Na mmoja wao ni wa kwetu," akaongeza.

"Pole," Mama Kalondu alisema. Kwao huwezi kutoa pole bila kujua aliyekufa ni nani. "Aliitwa nani?"

"Alexander."

Moto ule uliwaka miaka kama mia mbili iliyopita, na hata mimi nisiyejua historia najua kwamba Ukambani ya wakati huo haikuwa na Alexander hata mmoja. Mama Kalondu akasogea karibu na dirisha.

"Mwanangu," alisema, "Alexander ni nani wako?"

"Ni baba." Alishika ukingo wa dirisha. "Alienda Mombasa kutafuta kazi nikiwa darasa la pili. Hatukumwona tena. Mama hataki tulie. Anasema ukimlilia mtu ambaye hujaona maiti yake, unamuua wewe."

Nilidhani sasa watamkemea yeye kwa ule uongo. Badala yake Mama Kalondu alifungua mlango, akajitanda leso mabegani, akashuka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na miavuli yao, mpaka juu ya mawe ya Shetani. Hawa ni watu wasioweza kumwacha mfiwa amesimama peke yake, hata kama ni mlangoni mwa jehanamu. Waliimba wimbo wa mazishi, sauti zote. Udongo wa kutupia kaburini haukuwepo, basi kila mmoja aliokota kokoto nyeusi akaiangusha kwenye ufa. Shanice aliangusha yake mwisho, akalia kwa sauti. Nilivua kofia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Waliporudi, Festus alikuwa akimsubiri mlangoni, anatabasamu.

"Kazi ni yako," alimwambia. "Lakini hiyo ya baba usiiache. Kesho nina wageni wa Nairobi, anza nao kwa hiyo hiyo, na ulie hivyo hivyo."

Shanice alijipangusa mikono kwenye sketi. Alivua beji ya kampuni shingoni, akampa.

"Baba nimemzika leo, bosi," alisema. "Siwezi kumzika tena kesho."