Bloku Kwenye Majivu

Usiniambie nitulie! Bloku ya injini ya mashine ya kusaga ya mama ilipasuka, ufa umeshuka toka juu mpaka chini, na mdogo wangu huyu tunayemwita Domo akaropoka, "Dada, si tuuze tu chuma chakavu?" Mashine aliyoiacha baba! Mashine iliyotusomesha sote, yeye ikamsomesha bure! Nilimwambia afunge bakuli lake.

Nikaifanya kazi kama baba alivyonifundisha. Nikatoboa tundu kila mwisho wa ufa usije ukaendelea kutembea, nikaipasha bloku nzima kwenye makaa, nikachomelea kwa gesi kidogo kidogo, jasho likinidondoka puani. Mama akaniita, akaniita tena. Nikamwambia ngoja kwanza mama, moto ukishuka kazi imekufa. Nilipomaliza nikaifukia kwenye majivu ya moto. Bloku ya namna hii lazima ipoe yenyewe, taratibu, usiku kucha. Ukiiwahisha kwa maji inapasuka vibaya kuliko mwanzo. Kwetu hata mtoto anayetambaa analijua hilo.

Asubuhi nikakuta majivu yamekuwa tope. Ndoo tupu iko pembeni. Bloku imeachana vipande viwili.

Salamu nilizisahau. Nilimtoa Domo kitandani kwa ukosi wa shati. "Mwehu wewe! Umemwaga maji! Mama atakula nini sasa?"

"Haki ya Mungu sijagusa!"

"Nani basi, paka?"

"Mwache mwenzio," mama akasema mlangoni, akikohoa kile kikohozi chake cha vumbi la unga. "Ni mimi."

Nikajilazimisha kushusha sauti. "Mama, si unajua maji yana—"

"Najua! Baba yenu alinifundisha mimi kabla hujazaliwa." Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. "Kifua changu kimekwisha. Masikio ndiyo hayo, mpaka mnipigie kelele. Ilipopasuka nilimshukuru Mungu, nikasema sasa nitapumzika. Ukaja wewe na mitungi yako ya gesi. Uliniuliza?"

Nikauachia ukosi wa Domo.

"Jana nilikuita nikuambie. Ukasema ningoje. Baba yenu naye alikuwa ananiambia hivyo hivyo." Akamgeukia mdogo wangu. "Kawaite watu wa chuma chakavu."

Domo, na domo lake lote, akavaa viatu akatoka bila kusema neno.