Gauni Lililopata Ukatibu

Asubuhi ya usaili Mektrida aliianza kwa kugombana na mtu wa mkaa. Mkaa ulitoka Sanya Juu, na magunia mawili ya chini yalikuwa yamejazwa majani mpaka katikati.

"Mama Lucky, wewe ukifika peponi utamkagua mpaka Petro," mtu wa mkaa alilalamika huku akimwaga gunia chini.

"Petro hana shida na mimi. Mwaga na la pili."

Kisha akamkumbusha dobi kwamba shuka za wodi ya wazazi ndizo zinazotangulia, akanawa mikono, akavaa viatu vya kanisani, akaenda kuketi kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano.

Ilikuwa mwaka 1996. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, juu ya Masama, imezungukwa na migomba na kahawa. Mama Flavia, aliyekuwa katibu wa hospitali tangu Mektrida akiwa msichana, alistaafu baada ya Pasaka, na tangu siku hiyo kazi zake zilifanywa na Mektrida, ambaye alikuwa karani. Jioni Mektrida alikuwa akishuka Moshi kusomea uendeshaji wa hospitali, mwanawe Lucky akiwa mgongoni. Mwalimu alizoea. Kuna siku alifundisha somo zima kwa kunong'ona kwa sababu mtoto alikuwa amelala mezani pake, karibu na chaki. Mektrida alifaulu. Alichopungukiwa ni kitu kimoja tu, uuguzi. Katika hospitali ile katibu siku zote alikuwa nesi, na hakuna aliyekumbuka ilianzaje.

Kwenye benchi alimkuta mgombea mwenzake. Lilikuwa gauni la Mama Flavia, lile jeupe la unesi lenye mkanda wa bluu, ambalo mwenyewe aliliacha msumarini nyuma ya mlango wa ofisi. Lilikuwa limeshuka, likatembea ukumbini, likaketi na kuweka mikono juu ya mapaja. Ndani hamkuwa na mtu. Mektrida alisogea kidogo ili lipate nafasi. Alipoona kola imekunjika upande mmoja, akainyoosha.

Aliitwa yeye kwanza. Mzee Wenseslaus, mwenyekiti wa bodi, alikuwa amekaa katikati. Kulia kwake alikuwa Dokta Eliamini, mganga mkuu, na kushoto Bwana Suresh, mwenye duka la vifaa vya hospitali Moshi mjini.

"Mektrida, mwanangu," alisema Mzee Wenseslaus, "kazi yako tunaijua. Swali ni moja. Umesomea uuguzi?"

"Sijasomea, mzee. Nimesomea uendeshaji."

"Wa jioni."

"Wa jioni, ndiyo. Mchana nilikuwa hapa nawaendeshea."

Bwana Suresh alicheka peke yake, kisha akakohoa.

"Na mgonjwa akizidiwa mbele yako?" aliuliza Dokta.

"Nitakuita wewe, Dokta. Kazi yangu ni kuhakikisha ukifika unakuta kila kitu."

Dokta Eliamini akatazama dirishani. Wakamshukuru, wakamwambia asiende mbali. Gauni likaingia, mlango ukaachwa wazi, na Mektrida akasikia yote.

"Umesomea uuguzi?" aliuliza Mzee Wenseslaus.

Gauni liliinua mkono wa kulia, likauweka kifuani, pale beji inapokaa. Wazee wakaridhika. Walipoliuliza lina mipango gani na hospitali, lilitulia tu.

"Huyu hana maneno mengi," alisema Bwana Suresh.

"Maneno mengi ya nini kwa katibu?" alisema Mzee Wenseslaus.

"Ila mzee, ndani hamna mtu," alisema Dokta Eliamini, kwa sauti ya mtu anayesema mawingu yametanda.

"Hilo tumeliona, Dokta. Lakini kinachotakiwa ni uuguzi."

Basi gauni likapata ukatibu, na Mektrida akaombwa alisaidie mpaka lizoee.

Halikuwa bosi mbaya, kusema kweli. Halikuchelewa na halikugombeza mtu. Wauguzi wadogo walipita mlangoni wakisema, "Shikamoo, Katibu," nalo likainua mkono. Upepo ukishuka kutoka mlimani lilielea juu ya kiti, kwa hiyo Mektrida alilitilia jiwe mfukoni. Mambo ya siku alilisomea yeye. Likikubali, kola iliinama. Likikataa, ilibaki imesimama. Watu waliomjua Mektrida tangu utotoni, waliokuwa wakija moja kwa moja kwenye meza yake, sasa walimuuliza, "Katibu anasemaje?" naye alitoka nje kuwaambia Katibu anasemaje.

Jioni, akimmenyea Lucky ndizi, alijikuta ananyamaza katikati ya hadithi. Mtoto alikuwa akimgusa kidevu ili aendelee.

Mwishowe alishuka mjini, kwenye ofisi iliyosimamia hospitali zile ndogo, akamweleza kijana mmoja aitwaye Aminieli. Aminieli alimsikiliza vizuri.

"Kwa hiyo aliyeajiriwa ni gauni."

"Ndiyo."

"Lina cheti?"

"Lina mkanda."

"Dada, hiyo kanuni ya uuguzi mimi sijawahi kuiona popote. Ni mazoea yenu ya huko juu. Njoo Ijumaa, mkubwa wangu atakuwepo. Ukisema hivi ulivyoniambia, kile kiti ni chako. Ila lazima uje mwenyewe. Mlalamikaji asipokuwepo, hakuna lalamiko."

Mektrida alirudi akiwa na furaha ambayo hakumwonyesha mtu ila Lucky. Alimrusha juu, akamdaka, akamwambia Ijumaa watakula nyama.

Alhamisi jua likiwa bado juu ya migomba, wageni waliingia kihambani kwao, kwenye shamba la nyumbani. Mbele alikuwa Mzee Wenseslaus, kofia mkononi. Nyuma yake Mama Flavia, na nyuma ya Mama Flavia lile gauni, pindo limelowa kwa majani ya njiani. Ndani ya mkono wake wa kulia, pale kiganja kingekuwepo, lilishika isale lililofungwa fundo.

Isale ni lile jani refu la mpakani. Mchagga akimkosea mwenzake, humpelekea isale, na anayeletewa hakatai. Ugomvi uwe wa shamba, uwe wa damu, akilipokea umekwisha, hauwezi tena kupelekwa mbele kwa mtu yeyote. Mama yake Mektrida, aliyekuwa akichambua maharage barazani, alisimama alipoliona.

"Tumekukosea, mwanangu," alisema Mzee Wenseslaus. "Tumekuja."

"Shikamoo, mzee. Mmenikosea nini?"

"Kiti. Kile kiti ni chako. Tulijua siku ile ile."

"Basi nipeni."

Mzee Wenseslaus alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mama Lucky, tukikupa kiti, msamaha utakuwa wa nini?"

Kuku mmoja alipita chini ya gauni akatokea upande wa pili.

"Ni uvivu wangu," alisema Mama Flavia taratibu. "Ningeondoka nalo. Niliona begi limejaa, nikaliacha msumarini."

"Kesho nina safari ya mjini," alisema Mektrida.

"Tunajua. Ndiyo maana tumekuja leo."

Gauni likasogea mbele, likanyoosha mkono. Mektrida alimtazama mama yake.

"Mwanangu," alisema mama yake, "babu yako aliletewa isale na mtu aliyemchomea nyumba. Kwenye kihamba hiki halijawahi kurudishwa."

Mektrida aliifikiria Ijumaa. Aliifikiria vizuri, mpaka akaziona ngazi za ile ofisi na mlango wake. Halafu akapokea.

"Aika mae," Mama Flavia alimshukuru, akamkumbatia, akalia. Wakaingia ndani wakala mtori. Gauni nalo lilipewa bakuli, likapoa mbele yake.

Ijumaa Aminieli aliacha mlango wazi mpaka mchana, kisha mkubwa wake akasema ana mambo mengine.

Isale Mektrida alilichomeka kwenye mpaka wa chini, na lilikuwa jani tupu, lisilo na shina wala mzizi. Lilishika. Jumapili lilikuwa na urefu wa Lucky, na kufikia msimu wa kahawa lilikuwa kichaka. Majirani waliokosana waliomba kukata, na kila lilikopelekwa lilipokelewa upesi, hata na watu wenye vichwa vigumu. Wakawa wanatoka mbali.

Mvua za masika zikaja. Gauni halikuwahi kuzoea mvua. Unyevu ulipozidi lililegea kitini, kola ikalala begani, na kazi zote zikalala nayo mpaka Mektrida alitie wanga wa muhogo na kulipiga pasi. Wiki moja jua halikutoka kabisa. Katika wiki hiyo aliletwa Stella, mwanamke wa Kahe aliyekuwa amekuja kujifungulia kwa dada yake aliyeolewa huku juu. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Dokta Eliamini alimpima akasema huyu apelekwe hospitali kubwa ya mjini, na sasa hivi.

Basili, dereva, alikuwa tayari amewasha gari. Lakini gari halikutoka getini bila ruhusa ya katibu.

"Twende," alisema Mektrida. "Katibu amekubali."

Basili alichungulia ofisini. "Kola iko hivyo, amekubali saa ngapi?"

Mektrida aliishika kola kwa vidole viwili, akaiinamisha.

"Hapo ni wewe, Mama Lucky."

"Basili, kuna mtu anakufa."

"Namsikia. Na mimi nina watoto. Mlinzi si walimfukuza kwa kufungua geti kabla ya kola? Piga pasi, mama. Piga upesi. Gari haizimwi."

Mektrida alitandika gauni mezani, akalitia wanga, akaweka makaa kwenye pasi, akapuliza. Makaa yalikuwa na unyevu. Alianza na kola, kwa sababu mengine yangesubiri. Mvuke ulijaa chumba. Kupitia ukuta alimsikia Stella, halafu akawa hamsikii, halafu akamsikia tena. Kola ikasimama upande wa kulia. Akageuza. Ikasimama upande wa kushoto. Akaliinua gauni, akalikalisha kitini, akalisomea ombi la gari kwa sauti ile ile ya kila siku. Gauni likafikiri kidogo, kama kawaida yake. Kola ikainama.

Basili aliendesha vizuri sana siku hiyo, watu wote walikiri. Stella alirudi Kahe. Mtoto alibaki mjini, kwenye makaburi.

Jua lilipotoka, Mzee Wenseslaus alifika kihambani kwa Mektrida akiwa na kisu kidogo. Alikuwa amekonda. Alisalimia, akasimama kwenye mpaka wa chini akikitazama kichaka.

"Tunashuka Kahe kwa Stella," alisema. "Wale wa Kahe si wa mila hii, lakini dada yake ameshamweleza maana yake. Tunaomba jani. La kwako halijawahi kukataliwa."

Mektrida alikichukua kile kisu. Alizunguka kichaka chote, Lucky akimfuata nyuma ameshika kanga yake. Majani mengine yalikuwa yamechanwa na mvua, mengine yameliwa na wadudu. Alichagua moja zima, akalikata, akalifunga fundo.

Kahe kulikuwa na matope na maji ya mifereji yalikuwa yamepanda njiani. Gauni lilitangulia na isale mkononi, na Mektrida alitembea nyuma yake ameinua pindo lisiburuzike. Stella alikuwa amekaa mlangoni, kifua chake kimelowa maziwa. Mzee Wenseslaus alisema maneno yanayosemwa. Gauni likanyoosha mkono.

Stella alilitazama jani. Akamtazama Mektrida, juu ya bega la gauni, muda mrefu, kama anayesubiri yeye ndiye aseme. Mektrida alikuwa ameshika pindo kwa mikono yote miwili. Stella akalipokea.