Uso Chini ya Kofia

Saa sita mchana maharusi walitoka kanisani Bwegera, watu wakicheza nyuma yao. Claudette, mpiga picha aliyeitwa kutoka Uvira, alikuwa akirudi kinyumenyume mbele yao. Jua la utosini lilitia kivuli cheusi kwenye macho ya kila mtu, na umati ule haukuwa wa kusimamishwa. Aliwasha flashi, akaipunguza nguvu hadi ikawa inagusa nyuso tu, mtu asijue kama kuna taa iliyowaka.

Pudentienne, mama wa bibi harusi Délice, alivaa kofia pana iliyomtia kivuli mpaka kidevuni. Claudette alimpiga picha akipita. Kwenye kioo cha kamera uso ulikuwa umefunguka wote: kicheko, mashavu yaliyobonyea, na macho ya manjano kabisa.

Pudentienne alimwona akishtuka. Akamfuata nyuma ya gari la maharusi.

"Nionyeshe." Aliitazama kwa muda. "Ifute, mwanangu. Délice akiona niko mgonjwa hivi, hataenda kwa bwana yake."

"Mama, daktari anajua?"

"Minye najua, inatosha. Na hiyo taa, ukinipiga tena, uizime."

Claudette akaifuta. Mpaka jioni, kila kofia ile ilipoingia kwenye picha, alizima flashi.

Wiki ya sita baada ya harusi Délice alifika studio Uvira, kitambaa cheusi kichwani. Walikuwa wamemzika mama yake Jumamosi, na alitaka picha ya kuweka mbele wakati wa misa ya kumwombea. Walizipitia zote kwenye kompyuta. Kila mahali, chini ya kofia palikuwa giza.

"Yaya Claudette," Délice alimwita kama dada mkubwa, "hakuna hata moja yenye uso?"

"Ilikuwepo. Aliniomba niifute. Macho yake yalikuwa ya manjano, hakutaka uone."

Délice aliiacha kompyuta, akamtazama.

"Weye ulijua."

"Nilijua."

"Ningemupeleka hospitali. Ningebaki naye hizo wiki."

Claudette alizipitia picha tena, moja moja.

"Kwa ile picha alikuwa namna gani?"

"Alikuwa anacheka."

Délice aligeukia ukuta, akalia. Alipotulia aliomba achapishiwe picha moja tu, ile ya mikono ya mama yake ikimrekebishia shela. Aliipokea ikiwa bado na joto la mashine, akatoka bila kuaga.