Kiti cha Baba wa Bi Harusi

Watu wa familia ya Teng waliuchagua mkahawa wangu kwa chakula cha wakwe kabla ya harusi kwa sababu hakuna mtu wa hadhi yao ambaye angewakuta humo. Siwasingizii. Bi Qu, mama wa bwana harusi, alikuja mwenyewe kukagua. Alipitisha kidole juu ya meza, akakinusa, akasema, "Patafaa. Hapa hatutakutana na mtu." Nilitabasamu kama niliyesifiwa, maana mteja ni mteja, lakini mwanamke yule nilimwekea kinyongo tangu siku hiyo.

Mkahawa wenyewe uko nyuma ya soko la mboga, hapa mjini Weifang, China. Mbele kuna meza za kawaida ambapo watu wanakula tambi bila kuvua makoti, na ndani kuna chumba kimoja chenye meza ya duara na kioo cha kuzungushia vyakula katikati. Mume wangu anapika, mimi napeleka chakula na kuwasema watu. Yeye ana mkono mzuri wa utumbo wa nguruwe na samaki wa mchuzi. Mimi nina mdomo.

Baba wa bi harusi nilimfahamu siku nyingi. Mzee Luan alikuwa akisugua watu migongo katika bafu la umma lililo ng'ambo ya barabara. Mteja analala uchi juu ya kitanda cha plastiki, Mzee Luan anamsugua kwa kitambaa kigumu mpaka taka zinamtoka, halafu anampiga kofi mgongoni na kumwambia ageuke. Maji yalikuwa yameshaharibu mikono yake, ikawa myeupe na yenye makunyanzi hata siku za mapumziko. Mke wake alifariki binti yao Yuhe akiwa hajaanza shule, na hakuoa tena. Yule mtoto alilelewa katikati ya mvuke na malapa. Shuleni walimwita Binti Taka. Sasa alikuwa anakaa dirishani kuhudumia wateja katika benki, kucha zimepakwa rangi, na huko ndiko kijana wa Teng alikomwona akampenda.

Siku moja kabla ya chakula hicho, Mzee Luan alikuja kwangu, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Dada Mou," akasema, "kesho ndiyo wanaamua nani atampandisha Yuhe jukwaani siku ya harusi."

"Kwani kuna cha kuamua? Si ni baba yake?"

"Bi Qu amesema wataangalia kwanza."

"Wataangalia nini?"

"Mimi."

Akaniambia kwamba wakimkataa yeye, wanaye mjomba wa binti, Chi, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, mtu mwenye miwani na gari. Atakayempandisha jukwaani ndiye atakayekaa meza kuu, kwenye kiti cha baba. Mzee Luan hakutaka kitu kingine chochote katika harusi ile. Alitaka kumshika binti yake mkono toka mlangoni mwa ukumbi mpaka mbele, watu wakiona, kisha akae. Alinieleza jambo hilo akiangalia sakafu kama mtu anayeomba kitu kikubwa mno.

Basi nikamfundisha. Nilipanga vibakuli vya karanga kuzunguka meza ya ndani, kila kibakuli mtu wake, nikampa kikombe cha maji kiwe ndiyo pombe.

"Huyu ndiye mkwe wako Teng. Mgongee kikombe. Chako kiwe chini ya chake. Chini zaidi! Mzee Luan, unamheshimu au unataka kumpiga nacho?"

Aliinama mbele ya karanga mpaka nikacheka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Alirudia tena na tena, akitamka maneno aliyoyaandaa, na kila alipofika kwenye jina la Yuhe alikohoa, akaanza upya.

Kesho yake mchana walikuja. Mzee Luan alifika wa kwanza pamoja na Yuhe, koti limepigwa pasi, nywele zimelowa. Teng Baoling, baba wa kijana, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na tumbo la kutangulia, alimpokea kwa mikono miwili.

"Mkwe! Karibu, karibu! Kaa hapa, kulia kwangu!"

Hicho ndicho kiti cha mgeni mkuu, kinachotazama mlango. Mzee Luan alikaa pale uso uking'aa kama sufuria mpya, akaniangalia kwa jicho la pembeni. Mimi nami, mjinga mwenzake, nikafurahi.

Mjomba Chi akaingia. Teng akasimama.

"Mwalimu Mkuu! Njoo, njoo. Mkwe, sogea kidogo."

Mzee Luan akabeba bakuli lake, kikombe chake na vijiti vyake, akasogea. Akaja kaka yake Teng. "Mkwe, sogea tena, kaka yangu ana mguu mbovu." Akasogea. Akaja mke wa huyo kaka. Kisha ikaonekana kwamba Kai, bwana harusi, ni lazima akae karibu na mwalimu mkuu ili wazungumze. Kila mara Mzee Luan alibeba vyombo vyake mwenyewe, akisema "Hakuna neno, hakuna neno," hadi akaishia kwenye kiti kilichogeuzia mlango mgongo, pale ninapopitishia sahani. Yuhe alikuwa ameketi pembeni ya Bi Qu, anammenyea mama mkwe kamba wa baharini. Alimwona baba yake akizungushwa meza nzima. Akachukua kamba mwingine.

Nilipitisha supu juu ya kichwa cha Mzee Luan, tone likamdondokea kwenye kola. Eti yeye ndiye aliyeniambia pole. Hapo damu ikaanza kunichemka.

"Mzee Luan," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "hicho kiti kina upepo. Na tangu lini baba wa bi harusi akakaa mlangoni?"

Bi Qu hakugeuka hata kuniangalia. "Shangazi, kazi yako ni kuleta chakula. Lete."

"Niko vizuri, dada," Mzee Luan akadakia haraka. "Hapa kuna hewa."

Nikaenda kuleta samaki. Kwetu samaki mzima akiwekwa mezani, kichwa kinaelekezwa kwa mgeni mkuu, na hakuna anayegusa mpaka huyo anywe. Nilimweka samaki kichwa kikimwelekea Mzee Luan, nikasimama pale pale mikono kiunoni. Ajaribu mtu. Mzee Luan akainua kikombe. Bi Qu akanyoosha kidole kimoja, kilekile alichokinusa, akakizungusha kioo polepole, samaki akapita mbele ya Kai, akapita mbele ya kaka, hadi kichwa kikasimama mbele ya Mjomba Chi. Wakampigia makofi mwalimu mkuu anywe. Kikombe cha Mzee Luan kilikuwa kimeshafika kifuani. Akakirudisha mezani taratibu, akijifanya alikuwa anakisogeza tu.

Lakini hakukata tamaa, mzee wa watu. Alichagua kipande kizuri cha nyama ya nguruwe, chenye mafuta na ngozi, akainuka, akazunguka meza, akakiweka kwenye bakuli la Teng kama mkwe anavyomfanyia mkwe.

Teng alikitazama.

"Mikono hii naijua," akasema, akawageukia wenzake. "Mwaka juzi ilinikanda kama unga wa mkate! Ilipita mgongoni, ikapita tumboni, ikateremka..."

"Baba Kai!" Bi Qu akasema huku anacheka.

"Sasa kipande hicho si bado kina harufu yako?" kaka yake akauliza, na meza nzima ikaangua kicheko. Teng akakishika kile kipande kwa ncha za vijiti, akakiweka kwenye sahani ya kutupia mifupa.

Mzee Luan naye akacheka. Alijua ni lazima acheke. "Kweli, kweli," akasema, "mkwe ana mgongo mpana, nilitoka jasho siku ile."

Kicheko cha Teng kikakatika. "Usiuzungumzie mgongo wangu mezani," akasema.

"Samahani, mkwe."

"Rudi ukae."

Akarudi akakaa. Kai alimtazama kwa huruma kidogo, naomba niseme ukweli, kisha akamwongezea mwalimu mkuu pombe. Kijana yule hana uti wa mgongo, na mama yake anajua, ndiyo maana anatembea mbele yake.

Nilikuwa naingia na sahani ya mikate ya mvuke wakati Mzee Luan aliposimama kutoa maneno yake. Pombe ya mtama ikamwagikia kidoleni. Akainama, kikombe chini, chini kabisa, karibu kigusane na meza.

"Sina maneno mengi," akasema. "Mimi si mtu wa shule. Yuhe nimemlea mwenyewe. Ninawaomba, wakwe zangu, siku hiyo nimshike mkono mpaka pale mbele. Nikifika namwacha, ni wenu. Sitasema neno, sitamsogelea mtu. Ni kumfikisha tu."

Bi Qu akaweka vijiti chini, akavilinganisha.

"Mkwe, hilo tumeshalizungumza. Mjomba atampandisha, na mjomba atakaa meza kuu. Usilichukue vibaya. Watakuja watu wa benki, watu wa serikali, wateja wetu wakubwa. Nusu ya wanaume wa mji huu wamelala uchi mbele yako. Mtu amevaa suti yake, amekuja na mkewe, anakuona wewe jukwaani. Atajisikiaje?"

Mzee Luan alimgeukia binti yake, na uso wake ukatulia. Alikuwa na uhakika naye, unaona. Yote yale, kusogezwa, samaki, nyama, aliyameza kwa sababu alijua mwishoni yupo mtu mmoja upande wake.

"Yuhe," akasema, "waambie."

"Baba, kaa chini."

"Waambie tu kwamba wewe..."

"Mimi ndiye niliyewaomba," Yuhe akasema. "Siyo wao. Mimi."

Mjomba Chi akavua miwani. "Yuhe, mimi uliniambia baba yako mwenyewe amekataa. Kwamba anaona haya."

"Basi ndiyo hivyo, mjomba. Mmoja wetu anaona haya."

Mjomba akakohoa, akaifuta miwani, akaivaa tena. Nilisubiri aseme hapana. Yule msomi alichukua kamba mmoja mezani, akaanza kummenya.

"Sitaki kushikwa na huo mkono mbele za watu," Yuhe akaendelea, kwa sauti ileile ya dirishani, ya upole, ya kumwelekeza mteja foleni nyingine. "Miaka yote nimeitwa Binti Taka. Siku moja tu, baba. Nipe siku moja niwe binti wa mtu mwingine."

Mzee Luan alisimama na kikombe chake. "Na siku hiyo mimi niwe wapi?"

"Kazini. Ni Jumamosi, bafu linajaa. Usipoonekana ndipo watu watauliza. Nitakupigia simu jioni."

"Jioni saa ngapi?" akauliza. Jamani! Hicho ndicho alichouliza.

Nikashindwa. Nimevumilia walevi, nimevumilia wakaguzi wa usafi, lakini hilo lilinishinda.

"Wewe msichana huna hata haya!" nikamwambia, sahani ya mikate ikigonga meza. "Umekulia kwenye meza zangu za nje! Nimemwona baba yako kwa macho yangu anakunywa mchuzi mtupu, nyama anakuhamishia wewe, anakudanganya ameshiba! Leo una kucha nyekundu ndiyo unamtupa kama maji ya kuoshea vyombo? Mtoto gani wewe? Hata paka ana..."

"Nyamaza!"

Aliyepiga ukelele alikuwa Mzee Luan. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, wala sijui kama yeye mwenyewe alikuwa amewahi kujisikia. Alinigeukia, mishipa ya shingo imemtoka, kikombe kimemwagika chote.

"Huyo ni mwanangu! Humsemi hivyo mbele yangu! Nani amekuita kwenye mambo yetu, wewe muuza tambi? Acha mikate, toka nje!"

Mimi nilikuwa nimepigwa kofi bila mkono. Kisha Teng Baoling akaanza kupiga makofi, taratibu, kichwa kinatikisika kwa furaha.

"Ehee! Hapo sasa! Hapo, mkwe, umesema kama baba wa bi harusi!"

Mzee Luan akamgeukia. Alikuwa bado anahema, na nilimwona kwa karibu, usoni akaanza kutabasamu. Naapa alidhani labda. Alidhani wameangalia, na wameona kwamba anafaa.

"Kwa hiyo..." akaanza kusema.

"Kwa hiyo kaa unywe," Teng akasema, akampa mgongo kuendelea na mwalimu mkuu. Wakaangua kicheko wote, na Yuhe naye akacheka, mkono mdomoni.