Yamechemshwa

...lakini yamechemshwa, hilo halina ubishi, nimeyaona kwa macho yangu yakipanda na kumwagikia mkaa, mpishi akaruka nyuma akisema maziwa yenu yana hasira, na maziwa yakishachemka yamechemka, nani hajui, hata binti yangu wa darasa la pili anajua, ndiye yule pale mstari wa mbele, soksi moja juu moja chini, kikombe cha kijani mezani kwake, nusu kikombe kila mtoto, mkono ameushikilia kwenye mshikio kama askari anayengoja amri, maana wameambiwa hakuna kunywa mpaka mgeni rasmi anyanyue chake, na mgeni rasmi hajanyanyua, mgeni rasmi anahutubia, «Ndugu zangu, maziwa ni nini?» hii mara ya pili anauliza, na simu imetetemeka tena mfukoni mwangu, ni ujumbe ule ule unanikumbusha kwamba upo, sina haja ya kuusoma mara ya tatu, sampuli namba kumi na nne, robo ya nyuma kushoto ya kiwele, stafilokoka, nyingi, halafu yule dada wa maabara kaongeza chini yake, pole kwa kuchelewa Daktari, majibu yalikuwa tayari tangu juzi, tulikuwa tunasubiri sahihi... tangu juzi, bakteria wanazaliana kila nusu saa na sahihi inatembea kwa miguu kutoka meza hii kwenda meza ile, ningecheka, nimeshacheka sana mambo hayo, ofisini wananiita Mchekeshaji, mimi ndiye niliyebandika ukutani ile barua iliyotuagiza tuthibitishe kwa barua kwamba tumepokea barua, lakini sicheki, niko meza kuu, kiti cha tatu kutoka kushoto, bosi wangu kiti cha pili, marashi yake yananiingia puani, na mbele yangu kuna glasi, sisi wakubwa tumewekewa glasi, yale yale lakini kwa glasi, juu utando mwembamba wa mtindi umeanza kujikunja... si mtindi, ni malai tu, tulia, maziwa mazima kabisa, yananukia vizuri, na hilo ndilo baya lenyewe, hayanuki, hayajabadilika rangi wala ladha, ng'ombe mwenyewe wa shule anakula anacheua anakupiga teke kama kawaida, watoto wamempa jina la Katibu kwa sababu hafanyi lolote mpaka abembelezwe, kiwele chake ukikishika ni laini, si cha moto, hakijavimba, mgeni yeyote angesema ng'ombe ndiye huyu, lakini mimi wiki iliyopita nilimkamulia kwenye kile kibao cha kupimia chenye vikombe vinne, kila robo na kikombe chake, nikatia dawa ya zambarau, nikazungusha, vitatu vikabaki maji, cha nne kikavutika kama ute wa yai, nikazungusha tena kana kwamba kuzungusha kutabadilisha kitu, nikatoa fomu, na fomu ina visanduku viwili, Mzima na Mgonjwa, basi, aliyeitunga hakuwahi kukutana na mnyama aliye katikati, ng'ombe asiyeumwa anayetoa ugonjwa, nikakaa na kalamu, bosi akapiga simu, «Daktari, vipi, Katibu wetu mzima?» nikamwambia robo moja inanitia shaka, nasubiri maabara, akasema robo moja tu, si tatu ni nzima hizo, kisha akashusha sauti kama anayenipa siri ya familia, «Mabango ya sherehe yameshachapwa, ndugu yangu,» nikatia alama kwenye Mzima, kalamu haikukwaruza wala nini, na cheti kilichotoka kwenye fomu hiyo wamekitia fremu, kile pale kimetundikwa kwenye turubai nyuma ya mgeni rasmi, sahihi yangu naiona kutoka hapa, ina mkia mrefu wa kujidai, «...maziwa, ndugu zangu, ni uhai!» makofi, bosi anapiga makofi, na mimi napiga, mikono imepiga kabla sijaiuliza.

Ingekuwa streptokoka ningepumua, yule anakaa kiweleni kama mpangaji mwenye adabu, ukimgongea na penisilini anafunga virago, lakini huyu stafilokoka anajenga, anajichimbia ndani ya nyama, anajizungushia ukuta, unamtibu unadhani ameondoka kumbe amefunga dirisha tu, na ametoka wapi, usijifanye hujui, unamjua, dole gumba la mkamuaji, jipu lililofungwa kitambaa, ulimwona nalo siku ile ile, ukamwambia vaa glovu, akasema Daktari, Katibu hapendi glovu, mkacheka wote wawili, ukamwambia basi hiyo robo usiichanganye, kamua pembeni umwage, na leo alfajiri saa kumi na moja, wewe umesimama na tochi yeye kachuchumaa, akainua uso, «Tukiimwaga hii, Daktari, hayatawatosha watoto wote,» na wewe ukasema... nilisema nini, nilisema si yatachemshwa, nilisema changanya tu, yatachemshwa, na ni kweli yamechemshwa, wadudu wamekufa wote, hakuna aliyebaki, hilo naweza kusimama mahakamani nikalisema, lakini mwalimu wetu chuoni, yule mfupi aliyekuwa akila kalamu, alitugeukia na chaki mdomoni, akauliza, mpishi ametia sumu mchuzini, mmemkamata mpishi, mmemnyonga, haya, nani anakula mchuzi? darasa zima likacheka na mimi nikacheka zaidi ya wote, mchuzi, sumu ya stafilokoka haifi motoni, wanakufa wao, yenyewe inabaki, chemsha mpaka sufuria litoboke inakutazama tu, ila inahitaji muda, hapo ndipo pa kujishikia, inahitaji joto na muda, maziwa yakikamuliwa na kuchemshwa palepale hawapati nafasi ya kuitengeneza, na haya yamekamuliwa saa kumi na moja, mgeni alikuwa afike saa tatu, amefika saa sita, gari lake lilipita kwingine kufungua choo, kopo limekaa chini ya turubai hili la bluu, humu ndani ukiweka yai linaanguliwa, hesabu mwenyewe, saa saba na zaidi, lakini si lazima, si kila stafilokoka anatengeneza sumu, huenda huyu wa Katibu ni mvivu kama Katibu mwenyewe, huenda, huenda robo moja imezidiwa na tatu, huenda, na saa nne, saa nne hii ya leo, mkamuaji alinifuata nikiwa nanyoosha tai, amevua kofia, kitambaa kile kwenye dole gumba kimelowa, «Daktari, jua limekuwa kali, tuyachemshe sasa hivi?» na mimi, mimi mcheka barua, mimi niliyebandika ukutani, nilifungua ratiba, nikaweka kidole, nikamsomea, maziwa yatachemshwa mbele ya mgeni rasmi, namba sita, baada ya ngonjera, akasema haya, ratiba ndiyo mkubwa, akavaa kofia akaondoka... kumbe ni mimi. Si sahihi ya maabara, si gari, si bosi na mabango yake, nilikuwa na sufuria, mkaa na mtu aliyenikumbusha kazi yangu, na nilikuwa na karatasi, nikachagua karatasi.

«...na jambo la mwisho,» anasema mgeni rasmi, kisha anafungua ukurasa mwingine, la mwisho lina vipengele, asante, Mungu ampe vipengele, maisha yangu yote nimekaa kwenye viti vya plastiki nikiombea hotuba ziishe na leo naomba hii isiishe, nena mzee, tuambie na historia ya jimbo, tuambie ulivyosoma bila viatu, kwa sababu akinyamaza atanyanyua glasi, na akinyanyua, watoto tisini na sita... saa tisa, saa kumi watakuwa majumbani, mmoja ataanza kushika tumbo, mama atasema umekula nini, maziwa, watatapika mpaka nyongo, mkubwa anatapika anaamka kesho anasimulia, lakini yule mdogo wa darasa la kwanza mwenye shingo kama mpini wa kijiko, maji yote ya mwili wake yanajaa beseni moja... na binti yangu ameinua macho, kaniona, anatabasamu, jino la mbele halipo, anainua kikombe kidogo kunionyesha, kama kusema baba, kazi yako hii, na kichwa changu kinatikisika, chenyewe, kidogo tu, hapana, anakunja uso, nakitikisa tena, usinywe Mama, namwita Mama tangu azaliwe, usinywe, naye anaelewa, ana akili mno huyu mtoto, anaachia mshikio, nami napumua, pumzi yote ya asubuhi inatoka, naam, nimefanya kitu, nimefanya, halafu anageuka kwa rafiki yake, yule asiye na sweta, anayekuja kwetu Jumamosi na kula mpaka anasinzia, anamnong'oneza, anasukuma kikombe cha kijani taratibu hadi mbele yake, na yule rafiki anavishika vyote viwili, kulia na kushoto, anacheka bila sauti, hajawahi kupata bahati kama hii, na binti yangu ananitazama tena, anangoja nimsifu.

Naona baridi humu kwenye tanuri. Hivyo ndivyo nilivyo, basi, huo ndio udaktari wangu, nimepunguza mgonjwa mmoja nikamwongezea mwingine dozi, na nimetumia kichwa, sikuhitaji hata fomu. Bosi ananong'ona, «Mbona unatoka jasho, kunywa maji,» na mgeni rasmi amefunga karatasi, amezikunja, anazitia mfukoni, «Kwa hayo machache...» mkono wake unaelekea kwenye glasi, vidole vifupi vyenye pete, watoto wote tisini na sita wameinama mbele kwa pamoja kama majani, na mimi natafuta maneno, imebainika kwamba, hapana, kumejitokeza changamoto, hapana, wewe ng'ombe, sema maziwa haya niliyapitisha mimi na hayafai, maneno sita, hata mtoto anaweza, kiti changu kimekwaruza sakafu kwa kelele za ajabu, magoti yamenyooka, mkono wa bosi umekamata ncha ya koti langu na unavuta, mgeni rasmi amegeuka, glasi iko hewani, bado haijafika mdomoni, anatabasamu, «Naona daktari wetu ana kiu kuliko watoto!» na turubai lote linacheka, walimu, mpishi, hata mkamuaji kule nyuma na kitambaa chake, wanasubiri Mchekeshaji ajibu, koti linavutwa, vikombe vinangoja, na binti yangu peke yake hacheki, anautazama mdomo wangu.